Sinia la Sikujua

Nilianza kwa kukosea. Nilichukua stilwaya,
ile ya kukwangulia sufuria ya ugali,
nikaukandamiza mdila wa kahawa
kama nilivyozoea kukwangua bomba la mvuke.
Miaka thelathini na moja karakana ya reli:
mkono wangu haukufundishwa kubembeleza.

Mama Kashindi akapaza sauti kutoka uani kwake:
"Wee baba! Unachuna mbuzi au unaosha mdila?"
Akaja na ndimu, chumvi ya Uvinza,
majivu yaliyochekechwa kwa kanga kuukuu
hadi yakawa laini kama poda ya mtoto.

"Shaba nyekundu ipe ukwaju uliolala usiku kucha.
Hii ya njano, ndimu na chumvi, ila usiiache ukaenda kupiga soga:
ndimu ikinogewa hula hata rangi ya mwenye nyumba.
Suuza upesi, kausha upesi,
malizia na tone la mise kwenye pamba.
Na ndani ya mdila usiguse!
Bati lile likibanduka, kahawa inageuka sumu."

Kila Alhamisi Sikujua aliyafanya haya
nami nikiwa kibarazani na redio yangu,
nikinung'unika kwamba ndimu za samaki zimekwisha.
Nilidhani shaba hung'aa yenyewe,
kama jua.

Tangu Machi amelala.
Ukijani ukaingia bila hodi:
kwanza matundu ya chetezo,
kisha kinu, kisha shingo ya mdila,
na sinia likawa na uso wa mtu asiyelala.
Ijumaa mjukuu wetu Zuwena anaolewa.
Kahawa ya wageni itapita juu ya nini?

Sinia hili, ndugu zangu, lina hadithi.
Nimeisikia miaka arobaini na sita,
mbele ya kila mgeni aliyeingia nyumba hii ya Ujiji:
bibi mzaa bibi yake alilitoa Kasongo,
kichwani, msitu kwa msitu,
akavuka ziwa kwa mtumbwi, siku tatu,
watoto wawili, sinia moja,
na njaa ilipobana aliuza mpaka hereni,
sinia hakuliuza.

Nikalisugua. Maua yakaamka, moja, moja.
Nikaligeuza.
Chini kulikuwa na masizi mazito kama lami,
nami kwa ujinga wa fundi nikayang'oa.

Kumbe mhuri.
Duara, nyota mbili,
maandishi ya Kihindi nisiyoyajua
na tarakimu ninazozijua vizuri sana:
1961.

Bibi mzaa bibi yuko kaburini tangu vita vya Mjerumani.

Nilicheka peke yangu hadi kuku wakahama ua.
Halafu nikaacha kucheka.

Nikaiona siku aliyoingia kwetu,
sanduku moja la bati, na hilo sinia kwapani.
Mama yangu alimpima kwa macho, kidoleni hadi utosini,
akauliza kwa sauti ya watu wote:
"Huyu ametoka nyumba gani?"
Naye, binti wa miaka ishirini,
binti wa mpakua mizigo wa bandarini,
akajibu kwa sinia.
Msitu, mtumbwi, hereni, vyote vilimtoka pale pale, amesimama.

Mama alinyamaza.
Mama yangu mimi! Alinyamaza,
akamwambia, "Karibu ukae."

Sasa nikaelewa kwa nini shaba yote ya nyumba hii
iling'aa pande zote
isipokuwa chini ya sinia.

Nikaenda jikoni kwa Mama Kashindi,
nikaomba sufuria yake nyeusi kuliko zote.
"Ya nini?" Nikasema, dawa.
Nikachota masizi kwa kidole, nikayakanda na mise,
nikapaka taratibu, duara, nyota ya kwanza,
nyota ya pili, tarakimu moja baada ya nyingine.
Mkono wangu, safari hii, ulibembeleza.

Ijumaa shemeji mmoja kutoka Kasulu,
kikombe mkononi, ameona uso wake ndani ya shaba,
akauliza: "Mzee Hamimu, hili mlilipata wapi?"

Nikasogeza kiti.
Nikaanzia Kasongo.
Tulipofika katikati ya ziwa
nikaongeza dhoruba.